Nyama Imechinjwa Kiislamu, Je, Mkanda wa Jiko?

Sisi watu wa Pwani tuna swali moja tusilolisahau tukiwa ugenini. Tukikaribishwa chakula Nairobi, Nakuru au Kisumu, kabla hatujanawa mikono twauliza: nani kachinja? Tukijibiwa kwamba ni Mwislamu, twasema bismillahi na kuisogeza sahani. Swali hilo ni zuri, tumelirithi kwa wazee wetu, na sina nia ya kulitia ila. Lakini nathubutu kusema kwamba siku hizi halitoshi. Mambo ya jikoni yamegeuka, na swali letu limebaki pale pale lilipokuwa zama za babu zetu, wakati chakula kilipopikwa na mtu mmoja, katika chungu kimoja, juu ya mafiga matatu.

Leo katika mikahawa mingi ya mijini chakula hakipikwi tena na mtu aliyesimama mbele ya moto. Hupitishwa mtamboni. Nami nataka, ndugu msomaji, tuutazame mtambo huo kwa makini, tujue unavyofanya kazi, kisha tujiulize unatudai nini sisi tunaojali kinachoingia matumboni mwetu.

TANURI LENYE MILANGO MIWILI

Wenye mikahawa huutaja mtambo huo kwa jina la Kizungu. Mimi nitauita tanuri la mkanda, maana ndivyo ulivyo. Ni sanduku la chuma mfano wa handaki, wazi mbele na wazi nyuma. Ndani yake hupita mkanda wa waya au wa minyororo, unaozungushwa na mota. Upande huu mtumishi huweka chakula kibichi au kilichopoa, na upande wa pili chakula hutoka kimeiva au kimepata moto.

Ndugu yake mdogo ni tosta ya mkanda, ambayo wengi wetu tumeiona asubuhi katika hoteli za kitalii za Mombasa, Diani na Malindi. Waweka kipande cha mkate juu ya waya, nacho chaondoka polepole kama abiria wa gari moshi, chapita baina ya vyuma vya umeme vilivyoiva vyekundu, kisha chadondoka chini kimeshageuka rangi. Tosta ndogo ya namna hiyo huweza kuchoma vipande 300 kwa saa moja, na kubwa zake hupita 1,000.

Lile tanuri kubwa, la piza na mikate iliyojazwa nyama, lina werevu zaidi. Mna feni ndani yake inayosukuma hewa ya moto kupitia matundu membamba, juu ya mkanda na chini yake. Hewa hiyo hukipiga chakula kwa nguvu, ikautawanya ule utando wa hewa ya ubaridi unaokizunguka, na joto likapenya upesi. Piza hutoka imeiva kwa dakika sita au saba, moto ukiwa kiasi cha digrii 250 za Selsiasi. Mtumishi ana mambo mawili tu ya kupanga, nayo ni ukali wa moto na mwendo wa mkanda. Akisha kuyapanga hayo, hana haja ya kunusa, wala kuonja, wala kugeuza.

Waliouvumisha ni Wamarekani. Katika miaka ya 1950, huko Florida, Burger King walianza kuchoma nyama zao juu ya mnyororo unaopita wenyewe juu ya ndimi za moto. Tanuri la kupuliza hewa lilienea baadaye, wauza piza walipokuwa wakishindana kwa haraka. Domino's waliahidi kwamba piza itamfikia mteja kwa dakika 30, ahadi ambayo huko kwao waliiacha mwaka 1993. Hapa Kenya mambo haya yamekuja kwa kishindo katika miaka ya karibuni. KFC walifungua duka lao la kwanza Nairobi mwaka 2011, wengine wakafuata, na wenyeji nao hawakukubali kubaki nyuma.

MOTO JUU, MOTO CHINI

Nisidhaniwe kwamba nimekuja kuulaani mtambo. Tabia ya kukilaani kila kigeni ni uvivu wa fikira. Na ukichungua vizuri utaona kwamba hikima ya tanuri hili si ngeni kwetu hata kidogo. Mama zetu wakipika mkate wa kumimina huweka makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya mfuniko. Wali ukikaribia kukauka hupaliwa vivyo hivyo. Moto wa juu na moto wa chini, chakula kati, ndiyo elimu ya kupalia. Mwamerika ameichukua elimu hiyo hiyo, akaitia umeme na mkanda, akaiuza kwa dola.

Tena mtambo una fadhila zake. Mpishi hali moshi wa makaa mchana kutwa. Mkate hauungui upande mmoja ukabaki mbichi upande wa pili. Anayekula saa sita mchana hupata sawa na yule atakayekula saa mbili usiku. Kijana asiye na ufundi mkubwa hufundishwa kazi kwa siku chache, akapata riziki.

Lakini hapo hapo kwenye fadhila ndipo penye mtego. Mama aliyepalia wali alikuwa akijua kila kilichoingia katika sufuria yake. Alijua nyama imetoka kwa nani, samli ni ya wapi, na mwiko ule ulipitia chungu gani kabla ya hiki. Ujuzi wake haukuwa wa moto peke yake. Ulikuwa ujuzi wa amana. Mtambo umeuchukua ule ujuzi wa moto, ukaufanya vizuri, na huenda ukamshinda hata mama. Ule wa amana haukuuchukua, kwa sababu hauwezi. Basi nani kabaki nao? Hilo ndilo swali langu.

NILIYOYAONA KIAMUNYI

Mwaka jana nilikuwa Nakuru kwa shughuli ya jamaa, nikalala kwa watu wetu huko Kiamunyi. Kwa asiyepajua, Kiamunyi ni kitongoji kilicho upande wa magharibi ya mji, kandokando ya barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine, kwenye miteremko ya Menengai. Mahali hapo panakua kwa kasi. Nakuru yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na nyumba za kupangisha zimejaa. Wamo walimu, wanafunzi wa vyuo, wafanya biashara, na kati yao vijana wetu si haba, waliotoka Mombasa, Lamu na Kwale kwa masomo au kazi. Hata moto wa pale si wa kawaida. Mtambo wa kampuni ya Sosian wa kuzalisha umeme kwa mvuke wa Menengai, wenye nguvu ya megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023.

Usiku mmoja wa baridi, baridi ya Nakuru si ya kuchezewa, nilifuatana na kijana wa nyumbani kununua chakula. Tukaingia katika jiko moja la biashara kando ya barabara, safi, lenye taa nyingi, na tanuri la mkanda likinguruma nyuma ya meza. Ukutani palibandikwa karatasi yenye neno la halali. Mbele yetu mteja mmoja akaagiza mkate uliojazwa soseji za nguruwe na jibini. Ukawekwa mkandani, ukapita, ukatoka ukichuruzika mafuta. Mkate wetu wa kuku ukawekwa papo hapo, juu ya waya ule ule, pale pale palipokuwa pangali paking'ara kwa mafuta ya mwenzake.

Nikamuuliza yule kijana mpikaji kwa upole kama wana mkanda mwingine. Akanijibu kwa adabu:

"Mzee, usiwe na wasiwasi. Kuku wetu amechinjwa na Mwislamu, na karatasi ndiyo ile pale ukutani."

"Sina shaka na kuku, mwanangu," nikamwambia. "Nauliza habari ya waya."

Akanitazama, akautazama waya, kisha akacheka kidogo kwa haya. Niliona wazi kwamba swali hilo hakupata kuulizwa, wala halikupata kumpitia akilini. Hakuwa mdanganyifu. Karatasi ile ilisema kweli kuhusu kuku, na haikusema lolote kuhusu jiko. Tulishukuru, tukalipa, kuku wetu tukampa mwenye haja naye, tukaenda kula maharagwe na chapati nyumbani. Kijana niliyekuwa naye akaniambia njiani kwamba yeye amekula hapo miezi mingi.

SHERIA YASEMAJE?

Mimi si mufti, na fatwa ina wenyewe. Lakini sote tuliopita chuoni tuliisoma Safina, kile kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut ambacho watoto wa Pwani wamekihifadhi kizazi baada ya kizazi. Humo tulifundishwa kwamba najisi ni daraja tatu, na nzito kuliko zote ni ya mbwa na nguruwe. Chombo kilichoguswa nayo penye majimaji huoshwa mara saba baada ya kuondoshwa ile najisi yenyewe, mara moja katika hizo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo ulio twahara. Tulifundishwa pia kwamba kikavu kikigusana na kikavu hapana neno. Wako wanazuoni wakubwa walioona kwamba najisi ya nguruwe yatosha kuoshwa mara moja kama najisi nyingine. Lakini hata hao wamesema ioshwe. Hakuna aliyesema ipanguswe kwa kitambaa mwisho wa siku.

Mtu ataniambia: moto ule ni mkali, huunguza kila kitu. Jibu ni kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii moto hautwaharishi chombo. Na hata tuache fikihi kando, tutazame kwa macho. Mkanda ule si mkavu. Una mafuta, una jibini iliyoyeyuka, na chini yake pana trei ya kupokea makombo na matone. Chakula cha pili hukutana na cha kwanza juu ya waya kama watu wawili wanaolala kitanda kimoja kwa zamu.

Basi hapa tumetoka katika haramu iliyo wazi na halali iliyo wazi, tumeingia katika lile eneo la shaka ambalo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametutahadharisha nalo katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Nuuman bin Bashir. Mwenye kuwachunga mifugo wake kando ya shamba la mwenyewe hana hakika hawataingia.

WENGINE WAMEKWISHA PITIA

Haya si mawazo ya mzee wa Pwani mwenye wasiwasi. Dunia imeyaona. Januari mwaka 2013 wakaguzi wa usalama wa chakula wa Ireland walitangaza kwamba walipima aina 27 za nyama za kusaga za hambaga, zilizoandikwa kuwa ni ng'ombe. Kelele zilikuwa juu ya nyama ya farasi, iliyopatikana katika aina 10. Lakini chembe za nguruwe zilipatikana katika aina 23. Kuhusu nguruwe wakaguzi walisema sababu yaweza kufahamika, kwamba nyama za wanyama mbalimbali zilikuwa zikipitia katika viwanda vile vile. Wazungu walishangaa habari za farasi. Sisi tulipaswa kushangaa habari za mashine.

Kuna kisa kingine kilicho karibu zaidi na mkanda wetu. Mwaka 2019 mtu mmoja asiyekula nyama aliwashitaki Burger King katika mahakama ya Florida. Alinunua hambaga ya mimea, kisha akagundua kwamba ilipitishwa katika jiko lile lile lipitishalo nyama. Mwaka 2020 hakimu aliitupa kesi. Sababu yake kwa ufupi ni hii: kampuni iliahidi kwamba kitoweo si nyama, nayo haikuahidi kwamba kitapikwa peke yake. Tena mteja angeweza kuomba apikiwe kwa njia nyingine, naye hakuomba.

Msomaji wangu, izingatie hukumu hiyo. Yule bwana hakuwa Mwislamu, wala mambo yake hayakuwa ya halali na haramu. Lakini alisimama pale pale niliposimama mimi Kiamunyi, mbele ya mkanda mmoja wa watu wote, mkononi ana ahadi inayozungumzia nyama na kunyamazia jiko. Mahakama ikamwambia kwamba asiyeuliza hana madai. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa njia yao: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wenzetu wa Malaysia, ambao ni Mashafii kama sisi, hawakungoja mahakama. Wameandika kanuni ya nchi ya chakula halali, nayo imepitiwa upya mara kadhaa, mwisho mwaka 2019. Kanuni hiyo yasema kwamba mitambo iliyotumika kwa nguruwe ikitakiwa kugeuzwa kuwa ya halali, lazima ioshwe kama sheria ya Kiislamu inavyotaka, chini ya usimamizi wa wahusika. Ikisha kugeuzwa, ibaki ya halali. Kugeuza huku na huku, leo hivi na kesho vile, hakuruhusiwi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba jambo hili lawezekana, na kwamba viwanda havifi kwa sababu yake.

TUFANYE NINI?

Najua litakalosemwa. Patasemwa kwamba Kiamunyi si Lamu. Wengi wa wakazi wake ni Wakristo, wanayo haki ya kula wapendacho, na Mwislamu mgeni asije akawapangia watu jiko lao. Maneno hayo ni ya haki, nami nayakubali. Simtaki mtu yeyote aache chakula chake. Ninachotaka ni kwamba neno halali likibandikwa ukutani, liwe na maana kamili, au lisibandikwe. Muuzaji akisema, "Kuku wetu kachinjwa kiislamu lakini jiko ni la wote," amesema kweli, nami nitaamua mwenyewe. Kunyamaza ndiko kunakodhuru.

Patasemwa pia kwamba mtambo ni ghali, na mwenye mkahawa mdogo hawezi kununua miwili. Ni kweli. Lakini dawa haidai mtambo wa pili. Yatosha nyama ya nguruwe itengewe kikaango chake na koleo lake kando, isiguse mkanda kabisa. Au mkahawa utumie soseji za ng'ombe, zipatikanazo madukani kote, na wateja wote wale pamoja. Kikaango hakimfilisi mtu.

Kwa wale wanaotoa vyeti vya halali nchini nina ombi moja. Msiishie kwenye nyama. Ingieni jikoni, mwinamishe vichwa, mtazame mkanda unapita na nini tangu asubuhi hadi usiku, mwulize trei ya makombo husafishwa vipi, kisha mwandike katika cheti kwamba mmeliona jiko. Cheti kinachotaja kuku na kulisahau tanuri ni kama nikahi iliyomtaja bwana arusi na kumsahau bibi arusi.

Na kwa vijana wetu nasema: jifunzeni mitambo hii. Msiione kuwa ni kazi ya kubonyeza vitufe tu. Muundeni, muitengeneze, muifungue na kuifunga, na mkipata mtaji muimiliki. Jamii isiyokuwa na mtu wake jikoni hubaki mlangoni ikiuliza maswali. Yule mpikaji niliyemkuta Kiamunyi angalikuwa na mwenzake mmoja aliyesoma Safina, lile jiko lingalikwisha kutengezwa zamani bila ugomvi wala barua ya malalamiko.

Mwisho, sisi walaji. Tuliongeze swali letu la kale. Baada ya kuuliza nani kachinja, tuulize na kimepita wapi. Tuulize kwa tabasamu, kwa heshima, bila kumtuhumu mtu, maana wengi wa wapikaji hawana nia mbaya, hawakuambiwa tu. Swali likiulizwa na mtu mmoja ni usumbufu. Likiulizwa na watu hamsini kwa mwezi, mwenye mkahawa atanunua kikaango.

Nami kwa kuwa mkono wangu haukubali kuweka kalamu bila ya beti, napokea ruhusa ya mhariri:

Mkanda wajua kwenda, haujui kuamua,
Hupitisha cha kupenda, na usichokichagua,
Mpishi ndiye hulinda, jiko lake kulijua,
Uliza bila kuwinda, ulacho upate jua.